Riddim Si Biti Tu

Chukua nyimbo tatu zilizovuma mwaka 2003: "Get Busy" ya Sean Paul, "No Letting Go" ya Wayne Wonder na "Never Leave You" ya Lumidee. Zisikilize mfululizo. Wa kwanza anawahimiza watu wainuke wacheze, wa pili anambembeleza mpenzi, wa tatu ni binti wa New York anayeimba kama anayejisemea mwenyewe. Maneno mbalimbali, sauti mbalimbali, hisia mbalimbali. Lakini chini yao wote mnapigwa makofi yale yale, na ngoma ni ile ile. Msikilizaji asiye na habari za Jamaika husema haraka: hawa wameibiana.

Hakuna aliyemwibia mwenzake. Wote watatu wameimba juu ya riddim moja iitwayo Diwali, kazi ya prodyuza Steven "Lenky" Marsden, na kila mmoja alikuwa na haki ya kuwa pale. Huko Kingston jambo hilo halimshangazi hata mtoto. Kwetu linashangaza kwa sababu neno lenyewe tumelipokea bila kazi yake. Tunasikia "riddim" tunafasiri "biti", na tukishafasiri hivyo tumepoteza nusu ya maana.

Tuanze na neno. Riddim ni "rhythm" ya Kiingereza jinsi Wajamaika wanavyoitamka katika lugha yao, Patwa. Sauti yetu ya "dh" haimo katika Patwa. Mahali pake husimama "d", na ndiyo maana "brother" huwa "bredda" na "that" huwa "dat". Hilo si kosa la matamshi, ni kanuni ya lugha, kama vile Mswahili wa sehemu moja asemavyo "dhahabu" na wa sehemu nyingine "zahabu" bila yeyote kuwa mjinga. Ila neno lilipobadilika sauti likabadilika na maana pia. "Rhythm" ya Kiingereza ni mpangilio wa mapigo katika muziki wowote ule. Riddim ya Jamaika ni kitu mahususi: ala zilizokwisha kurekodiwa, zenye besi yake, ngoma zake na jina lake, zilizoandaliwa ili waimbaji wengi waimbe juu yake, kila mmoja wimbo wake. Katika Kiswahili tunaliweka ngeli ya i-zi: riddim hii, riddim hizi. Na hapo ndipo pa kushika kwanza: riddim ina jina na ina mtengenezaji. Kisicho na hivyo viwili ni mdundo.

Tofauti ya mdundo na riddim mtu anaweza kuipata kwa viganja vyake. Hesabu moja hadi nane kwa mwendo sawa, bila kusita, kisha rudia. Piga kofi kwenye moja, nne na saba. Kutoka kofi la kwanza hadi la pili kuna hesabu tatu, kutoka la pili hadi la tatu kuna tatu nyingine, na kutoka la tatu kurudi mwanzo kuna mbili tu. Zile mbili fupi ndizo zinazomsukuma mchezaji. Mwili unahisi umecheleweshwa kisha unavutwa ghafla. Katika riddim nyingi za dancehall, muziki wa dansi wa Jamaika uliozaliwa na rege, za miaka ya 1990, ngoma nzito ya chini, ile maprodyuza huiita kiki, hupiga kwenye moja na nne, halafu sneya, ngoma ya mlio mkali, hujibu kwenye saba. Mzunguko huo hupita mara mbili katika kila kipimo cha mapigo manne.

Ulichokipiga sasa hivi ni mdundo. Si mali ya mtu, na yeyote aweza kuupiga, kama ambavyo chakacha ni ya Mombasa na Lamu yote na hakuna mtu anayeweza kusema chakacha ni yake. Weka sasa juu ya mdundo huo besi fulani yenye noti fulani, kinanda kinachoingia mahali fulani, ngoma zenye milio iliyochaguliwa na mtu fulani studioni, rekodi, upe jina: hapo una kitu kinachoweza kuwa riddim. Nasema kinachoweza kuwa, kwa sababu bado. Mpaka waimbaji wawili au zaidi waimbe juu yake, ni ala za wimbo mmoja tu. Mwimbaji wa pili ndiye anayeifanya riddim.

Kiswahili cha pwani kinacho kitu kinachokaribia sana jambo hili, nacho ni bahari ya ushairi. Shairi la tarbia lina mistari minne katika kila ubeti, kila mstari mizani 16 iliyokatwa katikati nane kwa nane, na malenga akitoa swali, mwenzake humjibu kwa bahari ile ile, mara nyingi na kwa vina vile vile. Hakuna anayesema wa pili ameiba. Kinyume chake, kujibu kwa umbo lile lile ndiko kunakoonyesha nani fundi, kwa sababu umbo likiwa moja kilichobaki cha kupimwa ni maneno. Waimbaji wa Jamaika hupimana vivyo hivyo: wakipewa riddim moja kumi wote, ala hazimsaidii yeyote kuliko mwenzake. Anayeshinda ameshinda kwa sauti, kwa kiitikio na kwa namna ya kuyaketisha maneno.

Lakini mfano huo una mpaka. Bahari ni umbo tupu. Riddim ni rekodi, ina mwili na ina mwenyewe. Na usiichanganye na ule mtindo wa taarab ya Mombasa, uliompa sifa Juma Bhalo, wa kutia maneno ya Kiswahili katika tuni za filamu za Kihindi. Kule tuni ya sauti ndiyo inayobaki na maneno kubadilika. Kwenye riddim ala ndizo zinazobaki, na mwimbaji anatunga tuni mpya pamoja na maneno mapya. Akichukua tuni ya mwenzake, hapo sasa ameiga.

Mambo haya hayakuanza na kompyuta. Mwishoni mwa miaka ya 1960, Ruddy Redwood, mwenye saundi ya Spanish Town, yaani mitambo ya kupigia muziki dansini, alikwenda studio ya prodyuza Duke Reid kukatiwa sahani ya wimbo wa kundi la The Paragons. Fundi Byron Smith akaikata bila sauti za waimbaji. Redwood akaipiga dansini usiku: kwanza ile yenye sauti, kisha ile isiyo na sauti. Watu wakaimba wenyewe, ukumbi mzima. Tangu hapo upande wa pili wa santuri za Jamaika ukawa na ala peke yake, na upande huo ukaitwa "version". Mwaka 1970 U-Roy akachukua ala za nyimbo zilizokwisha kuvuma studioni kwa Duke Reid, akazungumza na kutamba juu yake kwa ghani, na nyimbo zake tatu zikashika nafasi tatu za juu Jamaika kwa wakati mmoja. Mwaka 1974 Rupie Edwards akatoa "Yamaha Skank", albamu nzima iliyojengwa juu ya riddim moja tu.

Kabla ya hapo, mwaka 1967, wanamuziki wa Studio One wa Coxsone Dodd, wakijiita Sound Dimension, walirekodi ala zilizoitwa "Real Rock". Miaka kama kumi baadaye Willie Williams akaimba juu yake "Armagideon Time", na mwaka 1979 bendi ya The Clash ya Uingereza ikaurudia wimbo huo kwa mtindo wake. Katikati ya miaka ya 1970 studio ya Channel One, Maxfield Avenue, ilizipiga upya riddim nyingi za Studio One kwa ngoma kali zaidi za Sly Dunbar. Kupiga upya riddim ya zamani huitwa "relick", na ndiko kulikozifanya riddim chache za miaka ya 1960 ziishi hadi leo. Jamaika ilipata sheria yake yenyewe ya hakimiliki mwaka 1993. Kabla ya hapo, aliyetaka riddim ya mwenzake aliwaita wanamuziki wake akawaambia wapige kama ile.

Kisha ikaja 1985, na mwaka huo unastahili kutazamwa kwa karibu.

Casio MT-40 ni kinanda kidogo cha betri, kilichotoka 1981, cha kuchezea sebuleni. Ndani yake mna midundo iliyopangwa tayari, na mmoja umeandikwa "rock". Ukisogeza swichi hadi hapo, ukabonyeza kitufe cha kusubirisha mdundo, kisha ukagusa kitufe cha besi cha noti ya D, kinanda kinaanza chenyewe: besi inayorukaruka, ngoma kavu za umeme, mfululizo, bila kuchoka. Aliyeupanga mdundo huo ni Hiroko Okuda, mwanamuziki kijana aliyeingia Casio 1980 akiwa ametoka chuoni alikoandika utafiti wake juu ya rege. Noel Davey wa Kingston alikuwa na kinanda hicho, na yeye na mwimbaji Wayne Smith wakaukuta mdundo huo. Wakaupeleka kwa prodyuza King Jammy. Ulikuwa wa haraka mno kwa mchezo wa Jamaika. Jammy akaupunguza kasi, ukaongezwa vipande vichache vya kinanda, na Wayne Smith akaimba "Under Mi Sleng Teng".

Tarehe 23 Februari 1985, kwenye mpambano wa saundi Waltham Park Road dhidi ya Black Scorpio, Jammy aliuachia hadharani. Riddim ya Sleng Teng imeimbwa mara mamia tangu siku hiyo. Mara nyingi husimuliwa kama habari ya kinanda cha bei rahisi kuwashinda wapigaji wa kweli, na ni kweli wapigaji wa studio walikosa kazi baada yake. Kilichobadilika hasa, kwa maoni yangu, ni mwendo. Ngoma ya mtu hupumua: "Real Rock" ya 1967 haitembei kwa kasi moja mwanzo hadi mwisho, hakuna mpigaji wa hivyo duniani. Mashine haipumui. Kuanzia Sleng Teng, riddim ikawa na kasi moja isiyoyumba, na nyimbo ishirini zilizoimbwa juu yake zikawa zinaweza kuunganishwa kama shanga kwenye uzi mmoja.

Kuunganisha huko ndiko matumizi ya kweli ya riddim, na huitwa "juggling". Kwanza tutofautishe watu wawili. Huku kwetu DJ ni mpiga santuri. Jamaika deejay ni mwenye kipaza sauti, anayeghani juu ya riddim. Mpiga santuri ni selekta. Ukisoma habari za Jamaika ukidhani deejay ni yule wa nyuma ya mashine, hutaelewa hata sentensi moja.

Selekta anayefanya juggling huchukua nyimbo za riddim moja na kuzipitisha haraka. Wimbo hupewa ubeti mmoja na kiitikio, kama dakika moja au moja na nusu, kisha unaingia mwingine. Kwa kuwa kasi ni moja na ala ni zile zile, mchezaji hasikii mkato. Anasikia besi imeendelea na mtu mpya ameanza kusema. Kwa kasi ya mapigo 100 kwa dakika, kipimo kimoja ni sekunde 2.4, na vipimo nane ni sekunde 19.2. Selekta mzuri anaubeba muda huo kichwani, anaingiza wimbo mpya kwenye pigo la kwanza la kipimo cha kwanza, akiwa ameshusha besi ya wimbo unaoingia hadi wa zamani utoke.

Yanayoharibika hapa ni machache lakini yanasikika mpaka nje ya ukumbi. La kwanza, besi mbili kuachiwa pamoja. Hata zikiwa za riddim ile ile, zikipishana kidogo tu zinakulana, na ghafla spika zinasikika hazina tumbo. La pili, kuingia kwenye kipimo kisicho chake: riddim nyingi huzunguka kila vipimo vinne au nane, na ukiingia cha tatu, kinanda cha wimbo mpya kitakuja mahali ambapo mchezaji anasubiri kimya. La tatu, kuchanganya riddim ya asili na relick yake kana kwamba ni kitu kimoja. Besi inafanana, ila ufunguo, yaani noti ambayo muziki umejengwa juu yake, na kasi havifanani. Hapo kata, ongea na watu, anza upya, usilazimishe.

Upande wa studio ndio unaopaswa kuwahusu zaidi vijana wanaotengeneza dancehall ya Kiswahili, Nairobi, Mombasa, Dar es Salaam au Kampala. Prodyuza anayetaka kutoa riddim anatakiwa aache nafasi. Biti ya wimbo mmoja inaweza kujazwa vinanda, filimbi na mbwembwe kwa sababu inajua nani anakuja. Riddim haijui. Anaweza kuja mwimbaji wa sauti laini, au deejay wa koo zito, na wote lazima wapate pa kukaa. Diwali ina makofi, ngoma na vitu vichache sana vya tuni, na ndiyo maana Sean Paul na Wayne Wonder wameenea humo pamoja ingawa wanachokifanya hakifanani hata kidogo. Ukikuta riddim ambayo kinanda chake kinaimba tuni nzima juu ya besi, ujue kila atakayeimba atavutwa kuimba tuni ile ile, na nyimbo kumi zitakuwa wimbo mmoja uliorudiwa mara kumi.

Jambo la pili ni ufunguo. Riddim hutoka kwa ufunguo mmoja, na wasanii kumi hawana koo moja. Msanii ambaye ufunguo unamkaba atamwomba prodyuza aipandishe noti mbili. Mashine inaweza, lakini besi iliyovutwa juu inapoteza uzito, na wimbo huo hautaungana na wenzake mikononi mwa selekta. Afadhali msanii abadilishe tuni yake, aimbe chini au aghani, kuliko kuihamisha riddim. Wajamaika wana neno kwa ustadi huu: huipanda riddim, kama mtu apandavyo baiskeli. Baiskeli haibadilishwi urefu kwa ajili ya kila mpandaji. Mpandaji anajifunza kukaa.

Jambo la tatu ni faili, na hapa ndipo kazi nyingi zinapofia. Prodyuza anatuma riddim kwa simu ikiwa MP3, msanii anaingiza vokali mji mwingine, anarudisha. Ubanaji wa MP3 huongeza kimya kidogo mwanzoni mwa faili, sehemu ndogo ya sekunde, na vokali zikirudishwa juu ya riddim halisi zinasikika zimechelewa. Watu wanamlaumu mwimbaji kwamba yuko nje ya biti. Tuma WAV, faili la sauti lisilobanwa, na mwambie arudishe vokali zikianzia sifuri kabisa, hata kama hasemi neno kwa vipimo vinane vya mwanzo. Hakikisheni pia wote mko kwenye namba moja ya sampuli, yaani mara ngapi kwa sekunde mashine inapima sauti. Vokali zilizorekodiwa kwa 48,000 zikisomwa kama 44,100, wimbo wa dakika 3 unakuwa wa dakika 3 na sekunde 16, na sauti inashuka kama noti moja na nusu ya kinanda. Ukisikia msanii ameanza sawasawa kisha anazidi kubaki nyuma kila ubeti, usimwite arudie. Angalia namba hiyo kwanza.

Majina nayo yana fujo yake, na anayeandika juu ya dancehall lazima aijue. Riddim hupata jina kwa njia kadhaa. Kuna inayoitwa kwa wimbo wake wa kwanza uliovuma, kama Sleng Teng. Nyingine huitwa kwa jina la ala zenyewe, kama Stalag, iliyotokana na "Stalag 17" ya Ansell Collins, 1973, kazi ya prodyuza Winston Riley. Nyingine prodyuza huipa jina kabla hajaingia mtu, kama Diwali, au Coolie Dance ya Cordel "Scatta" Burrell. Sasa angalia mtego huu. "Bam Bam" ya Sister Nancy, 1982, wimbo ambao karibu kila mtu ameusikia hata kama haujui, haiko juu ya riddim iitwayo Bam Bam. Iko juu ya Stalag, pamoja na "Ring the Alarm" ya Tenor Saw ya 1985. Riddim iitwayo Bam Bam ni nyingine kabisa, ya mwanzo wa miaka ya 1990, yenye ngoma za Sly Dunbar, na wimbo wake mkubwa ni "Murder She Wrote" ya Chaka Demus na Pliers. Jina lenyewe linarudi nyuma hadi kwa The Maytals, ambao "Bam Bam" yao ilishinda shindano la wimbo la taifa Jamaika mwaka 1966. Kwa hiyo ukimwambia selekta "nipigie Bam Bam", una haki ya kupewa kitu usichokitaka. Sema wimbo wa nani, au sema riddim ipi.

Neno limesafiri pia. Trinidad wanalitumia kwenye soca kwa maana ile ile ya Jamaika, riddim moja waimbaji wengi, na kanivali hujaa nyimbo za namna hiyo. Kwenye dubstep, muziki wa mashine uliozaliwa Uingereza, riddim ni jina la tawi la muziki huo: besi nzito inayonguruma kwa kurudia, maneno machache au hakuna. Hao walilipata kutoka kwa saundi za Wajamaika wa Uingereza, na hawajakosea. Ni neno lenye maana mbili katika nyumba mbili, mradi usiende na maana ya huku kule.

Matumizi yasiyofaa ni haya yaliyojaa kwenye mitandao ya video: mtu ametengeneza biti yenye ile moja, nne na saba, anaiuza kwa msanii mmoja, na ameiandika "riddim". Mnunuzi anaamini amepata kitu cha peke yake. Mwezi mmoja baadaye anamsikia mwingine juu ya ala zile zile, anafura, anaita wizi. Neno lilikuwa limeshamwambia, ila yeye na muuzaji wake hawakulisikia. Kama unataka ala za peke yako, omba biti ya peke yako na iandikwe hivyo. Kama umekubali riddim, umekubali kukaa na wenzako, na kulinganishwa nao.

Na kwenye kuandika majina ya wahusika, mazoea ya haki ni kumtaja aliyetengeneza riddim kama mtunzi wa muziki na mwimbaji kama mtunzi wa maneno na tuni, na mgawanyo unaozoeleka wa utunzi ni nusu kwa nusu. Iandikwe siku vokali zinapoingizwa. Sister Nancy alikaa zaidi ya miaka 30 bila kulipwa kwa "Bam Bam", huku wimbo ukichukuliwa vipande na kutumika katika filamu na matangazo. Alipata haki yake tu baada ya kuusikia kwenye tangazo na kutafuta wanasheria.

Mpaka kati ya mdundo na riddim sasa umefika mahakamani. Mwaka 1989 Wycliffe "Steely" Johnson na Cleveland "Clevie" Browne walirekodi ala zilizoitwa "Fish Market". Besi na ngoma zake zikaenda kwenye "Dem Bow" ya Shabba Ranks, prodyuza Bobby Digital; kutoka hapo zikapita kwa waimbaji wa Panama na studio za New York, zikazaa mapigo ya reggaeton, muziki wa dansi wa Kihispania, ambayo huitwa dembow hadi leo. Steely alifariki 2009. Mwaka 2021 Clevie na warithi wa mwenzake walifungua kesi California, na washtakiwa wakafika zaidi ya 100, Daddy Yankee na Bad Bunny wakiwamo. Mei 2024 jaji alikataa kuitupa kesi mapema.

Washtakiwa wanasema mapigo hayo ni ya kawaida mno kuwa mali ya mtu. Wadai hawakuandika "mapigo" tu. Waliorodhesha: kiki, sneya na hai-hati (matuazi madogo ya seti ya ngoma) katika mzunguko wa kipimo kimoja, tari inayopigwa kipimo chote, ngoma ya tomu ya umeme kwenye pigo la kwanza na la tatu, timbali, ngoma ndogo za Kilatini, zinazobingirika mwishoni mwa kila kipimo cha pili, na noti ya besi ya B-flati inayofuata ile tomu. Pitia nyimbo zilizoshtakiwa ukiwa na orodha hiyo mkononi. Penye moja, nne na saba peke yake, hapo pana mdundo. Penye tomu, timbali na ile B-flati kwa pamoja, hapo mtu amepanda riddim ya Steely na Clevie, hata kama anaimba kwa Kihispania.